Sharika Kubwa Mno na Huduma ya Jumuiya: Mafunzo Kutoka Seoul na Maswali Yetu Wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kusaidia kumzika mama mmoja, msharika wa usharika mkubwa wa mjini. Usharika huo hatutautaja, kwa kuwa lililotokea pale lingeweza kutokea mahali pengi. Wafiwa walipofika ofisini kutoa taarifa ya msiba, jambo la kwanza waliloulizwa lilikuwa namba ya bahasha ya marehemu. Kadi yake ilipopatikana ilionekana kwamba hakuwa ametoa ahadi kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Ikazuka hoja kama alikuwa bado mshiriki hai. Kumbe katika muda wote huo mama yule alikuwa kitandani, hajiwezi, akiuguzwa na majirani, wawili kati yao wakiwa akina mama wa Kiislamu. Jumuiya ya eneo lile ilikuwa ikikutana kila juma katika nyumba ya nne kutoka kwake. Sisi wenyewe tulipewa wasifu wake dakika chache kabla ya ibada, na mbele ya watoto wake tukalikosea jina lake.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza uhusiano kati ya mambo mawili ambayo siku hizi huzungumzwa kana kwamba ni maadui, yaani ukubwa wa usharika na huduma ya jumuiya. Wako wanaosema kwamba usharika wenye maelfu ya watu ni dalili ya baraka, nao hutoa mfano wa watu elfu tatu wa siku ya Pentekoste. Wako wengine, na miongoni mwao wamo wachungaji wengi wa vijijini, wanaosema kwamba usharika wa namna hiyo si kanisa tena bali ni mkutano wa hadhara. Sisi hatukubaliani moja kwa moja na upande wowote, na tutajitahidi kuonyesha kwa nini. Ila tunakiri mapema kwamba hatuandiki kama watazamaji. Kadi ile ya bahasha ni chombo chetu sote.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kipimo. Wachunguzi wa mambo ya dini huko Marekani, hasa wale wa Taasisi ya Hartford, wamezoea kuliita kanisa kubwa mno lile linalohudhuriwa na watu 2,000 au zaidi kwa juma. Wao huhesabu watu waliokaa vitini. Sisi huhesabu majina yaliyoandikwa katika rejista. Kwa hiyo usharika wetu wenye washiriki elfu sita kwenye kitabu unaweza kuwa si mkubwa mno kwa kipimo chao, lakini kwa mchungaji anayepaswa kuwabatiza, kuwafundisha, kuwatembelea na kuwazika hao elfu sita, ni mkubwa mno kabisa. Tena mara nyingi yuko peke yake na mwinjilisti mmoja au wawili. Msomaji akumbuke tofauti hiyo tunapoendelea, maana makanisa tutakayoyataja yana watumishi wa kulipwa kwa mamia.

Kanisa la Yoido

Hakuna mahali panapofaa zaidi kuanzia kuliko Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Mwaka 1958, miaka mitano baada ya vita vya Korea kusimamishwa, mhubiri kijana wa Kipentekoste, Cho Yonggi, ambaye baadaye ulimwengu ulimfahamu kama David Yonggi Cho, alianza ibada katika hema pembezoni mwa mji pamoja na mama Choi Ja-shil, ambaye baadaye alikuwa mama mkwe wake. Waliohudhuria ibada ya kwanza walikuwa wachache mno. Watu wa pale walikuwa maskini, wengi wao wakiwa wamehangaishwa na vita. Katika miaka iliyofuata vijiji vya Korea vilimimina watu wake mjini kufuata viwanda. Seoul, iliyokuwa na watu wapatao milioni mbili na nusu mwaka 1960, ilipita milioni kumi kufikia mwaka 1990. Asiyezingatia jambo hilo hawezi kuelewa kanisa lile. Mtu aliyetoka kijijini aliacha nyuma ukoo, makaburi ya wazee, na majirani waliomjua tangu utoto. Mjini alipanga chumba kati ya watu wasiomjua.

Kufikia mwaka 1964 kanisa lilikuwa na washiriki elfu mbili na zaidi, na Cho alikuwa akifanya kila kitu mwenyewe. Akaanguka akiwa kazini, mwili ukiwa umekwisha nguvu, na kwa muda mrefu hakuweza kuhudumu kama awali. Katika ugonjwa huo alisoma upya shauri la Yethro kwa Musa katika Kutoka 18, pamoja na habari za waamini wa kwanza waliomega mkate nyumba kwa nyumba katika Matendo 2. Akaamua kuugawa mji katika maeneo na kuweka makundi madogo yanayokutana majumbani, kila moja likiwa na kiongozi wake asiye mchungaji. Alipowaeleza mashemasi wake wanaume hawakuupokea mpango ule. Ndipo akawageukia akina mama, nao wakakubali, ingawa katika desturi ya Korea ya wakati ule ilikuwa vigumu kwa mwanamke kusimama akafundisha penye wanaume.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1973 kanisa lilihamia Yoido, kisiwa cha mto Han, katika jengo lenye nafasi ya watu wapatao elfu kumi. Kufikia mwaka 1979 lilitangaza washiriki 100,000, na katika miaka ya 1990 lilitangaza kwamba wamefika 700,000. Hesabu hizi ni za kanisa lenyewe, nasi tunazipokea kwa tahadhari ile ile tunayoitumia tunaposoma takwimu za sharika zetu katika taarifa za mwaka. Lakini hata mtu akizikata nusu, bado zinatisha.

Wachungaji wa nchi nyingi walisafiri kwenda Seoul kujifunza. Wengi walirudi na utaratibu: namna ya kugawa maeneo, fomu za taarifa, ratiba ya kikao, na jinsi kundi linapokua linavyogawanywa kuwa mawili. Wachache walirudi na jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo lililofanya kazi, yaani wale akina mama. Katika fomu hakuna mahali pa kuonyesha kwamba mwanamke mmoja anajua ni mlango gani katika kichochoro chake ambao asubuhi haukufunguliwa. Makanisa mengi yalianzisha makundi, yakaweka wazee wanaume kuyaongoza, kisha yakashangaa kwa nini hayaendi.

Hapa lipo somo la kwanza, nalo linabomoa hoja za pande zote mbili tulizozitaja. Jumuiya za Seoul hazikubuniwa ili kupinga ukubwa, ndizo zilizouwezesha. Kanisa lile lisingefika watu elfu kumi kama lisingekuwa na nyumba zile. Kwa hiyo anayesema "tuwe na jumuiya badala ya kanisa kubwa" hajaona kwamba jumuiya zikifanya kazi vizuri huzaa kanisa kubwa. Na anayejivunia ukubwa pasipo jumuiya anajivunia umati ambao utatawanyika siku mhubiri akihamishwa.

Somo la pili ni chungu. Mwaka 2014 mahakama ya Seoul ilimtia Cho hatiani kwa kuliletea kanisa hasara ya mabilioni ya fedha za Korea kupitia ununuzi wa hisa zilizokuwa za mwanawe. Adhabu ya kifungo iliahirishwa, naye alifariki mwaka 2021. Hatulitaji jambo hili ili kumcheka marehemu. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha pengo katika utaratibu wenyewe. Makundi yale yalimwezesha mchungaji kulifikia kila kaya. Hayakuiwezesha kaya kumfikia mchungaji na kumuuliza habari za fedha. Taarifa zilipanda, maagizo yakashuka. Tukilisoma tena shauri la Yethro tutaona kwamba nalo ni la namna hiyo: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na mambo makubwa kupelekwa kwa Musa. Ni shauri jema la kumpunguzia mtu mzigo, na maandiko yanasema lingewapa watu nao amani. Lakini halikukusudiwa kuwa fundisho juu ya mwili wa Kristo, ambamo kiungo kilicho dhaifu zaidi ndicho kinachohitajika zaidi (1 Kor. 12).

Haki inatudai tuongeze kwamba chini ya mrithi wake, Lee Young-hoon, aliyeshika uongozi mwaka 2008, kanisa la Yoido lilifanya jambo ambalo makanisa makubwa hulifanya kwa nadra. Mwaka 2010 matawi yake takribani 20 yalipewa kujitegemea.

Juu ya mahubiri ya Cho kuhusu baraka ya roho, mwili na mali, aliyoyajenga juu ya 3 Yohana aya ya 2, Mlutheri hawezi kunyamaza. Luther alitofautisha, katika mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518, theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba, na mahubiri haya yako upande wa kwanza. Hata hivyo tusiwahukumu upesi watu waliotoka vitani na njaani. Kuambiwa kwamba Mungu anajali tumbo lako si jambo dogo kwa mtu ambaye hajala. Sisi tunaohubiri msalaba kwa wenye njaa, kisha tukarudi nyumbani kula, tuna swali letu la kujibu.

Marekani: kuhesabu na kupima

Kwa habari za Marekani hatutakawia, maana zimekwisha kuandikwa sana. Kanisa la Willow Creek lilianza mwaka 1975 katika ukumbi wa sinema kando ya Chicago. Bill Hybels na wenzake walipita nyumba kwa nyumba wakiwauliza watu kwa nini hawaendi kanisani, kisha wakaipanga ibada kwa kufuata majibu. Mwaka 2007 viongozi wa kanisa hilo walichapisha uchunguzi wao wenyewe, na jambo la kuheshimika ni kwamba walikiri hadharani walichokiona: kushiriki kwa wingi katika shughuli za kanisa hakukuonyesha kwamba mtu anakua katika kumpenda Mungu na jirani. Walikuwa wamedhani kwamba mtu akihudhuria zaidi atakua zaidi. Mwaka 2018 Hybels alijiuzulu kufuatia malalamiko ya wanawake, ambayo aliyakanusha, na baadaye mwaka huo huo baraza lote la wazee likajiuzulu kwa kukiri kwamba halikuyashughulikia ipasavyo. Hapa tena tatizo lile lile la Seoul lilijitokeza kwa sura nyingine: wazee walikuwepo, lakini hawakuweza kumsimamia mtu ambaye umati ulikuja kumsikiliza.

Kuna Crystal Cathedral ya Robert Schuller huko California, jengo la vioo lililofunguliwa mwaka 1980. Huduma hiyo iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2010, na jengo likauzwa kwa Dayosisi ya Kikatoliki ya Orange. Na kuna Redeemer ya New York, iliyoanzishwa na Tim Keller mwaka 1989, ambayo ilipofikia maelfu ya watu ilijipanga mapema, na mwaka 2017 ikagawanyika kwa hiari kuwa sharika tatu, mwanzilishi naye akiachia uongozi siku zile zile. Mfano huu wa mwisho tunautaja kwa wale wanaodhani kwamba usharika haugawanywi ila kwa ugomvi. Kwetu sisi, tukiri, mara nyingi ndivyo ilivyo: mtaa unapoomba kuwa usharika, swali la kwanza linaloulizwa si nani atawahudumia, bali ni mapato kiasi gani yataondoka.

Kutoka Wittenberg hadi Kilimanjaro

Je, maungamo yetu yanasemaje? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 7, halitaji hesabu ya watu. Kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa sawasawa na Injili, na hayo yanatosha kwa umoja. Basi ukubwa si alama ya kanisa, wala udogo si alama ya kanisa. Wanafunzi wetu huishia hapo katika majibu yao ya mtihani. Lakini ibara hiyo yenyewe inauliza swali gumu: Je, pale ambapo watu elfu moja wanapita mbele ya madhabahu kwa dakika ishirini, na anayewapa mkate hajui ni nani amegombana na nani, sakramenti inatolewa sawasawa na Injili? Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho si kwa sababu walikuwa wengi, bali kwa sababu katika chakula kile kile mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa, wala hawakungojana (1 Kor. 11). Ili kungojana ni lazima kwanza kujua kwamba fulani hajafika.

Luther aliliona tatizo. Katika utangulizi wa Misa ya Kijerumani ya mwaka 1526 alieleza namna ya tatu ya ibada, ya wale wanaotaka kwa dhati kuwa Wakristo, ambao wangeandika majina yao na kukutana katika nyumba fulani kwa sala, kusoma, kubatiza, kupokea sakramenti na kuwasaidia maskini. Akasema hana bado watu wa kufanya hivyo, akaliacha. Wengi humlaumu. Sisi tunaona kwamba aliogopa, na kwa haki, kanisa la walio bora ndani ya kanisa la walio wa kawaida. Philipp Jakob Spener alipoanzisha makundi ya kujenga imani huko Frankfurt mwaka 1670, hofu hiyo ilithibitika mahali pengine, kwa maana baadhi ya waliokutana nyumbani walianza kumdharau mchungaji na wasiokutana. Waliokulia katika uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Rwanda katika miaka ya 1930 ukafika hadi Bukoba, wanayajua mambo haya pasipo kusoma Spener: ndugu waliochukuliana mizigo hata tukawaonea wivu, na ndugu waliojitenga.

Lakini katika Makala za Smalkald za mwaka 1537 Luther aliweka, pamoja na mahubiri, Ubatizo, Chakula cha Bwana na mamlaka ya funguo, jambo la tano ambalo Injili hutujia kwalo: mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao. Hakuliweka katika orodha ya shughuli za kanisa. Aliliweka katika orodha ya njia ambazo Mungu huwapa watu neema yake. Tungependa kila mchungaji anayeziona jumuiya kama kazi ya ziada alitafakari hilo. Mwanamke anayemwambia jirani yake aliye kitandani kwamba Kristo hakumwacha anafanya kazi ya Injili kamili, si kazi ya kumshikia mchungaji nafasi mpaka afike.

Kuna pia habari ya Leisnig, mji mdogo wa Saksonia. Mwaka 1523 usharika wake ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja kwa ajili ya mchungaji, shule, wazee wasiojiweza, yatima na maskini, na Luther akauandikia utangulizi. Walichaguliwa wasimamizi kumi: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa mji, na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Halikuweza kufunguliwa pasipo mkulima. Mpango wenyewe ulipata shida tangu mwanzo, kwa kuwa baraza la mji halikutaka kukabidhi mali iliyokuwa mikononi mwake. Hata hivyo, tukiulizwa ni kitu gani kilikosekana Seoul, tutajibu kwamba ni ule ufunguo wa nne.

Kwa upande wetu wa dunia hatuwezi kupita pasipo kumtaja Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902 akafanya kazi miongoni mwa Wachaga hadi mwaka 1938. Yeye alikataa kujenga usharika wa watu waliong'olewa mmoja mmoja kutoka kwao. Alisema kwamba Mungu amemweka mwanadamu katika vifungo vya ukoo, ujirani na rika, na kwamba kanisa lijengwe juu ya vifungo hivyo. Wazee wa ujirani walipewa wajibu, na vijana wa kipaimara waliunganishwa ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake. Wapo waliomshutumu, na shutuma zao zina uzito: alikaribia kuufanya ukoo kuwa mtakatifu, na lugha yake juu ya damu na taifa ilifanana mno na maneno yaliyoleta maafa katika nchi yake mwenyewe. Tena, ukoo ukiwa ndio msingi, mgeni atakaa wapi? Hata hivyo, sehemu moja ya fundisho lake inafaa mjini kuliko alivyotazamia. Mjini ukoo umetawanyika na rika limepotea, ujirani umebaki. Na ujirani, tofauti na ukoo, hauchagui kabila.

Wenzetu Wakatoliki waliliona mapema. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa mwaka 1973 waliamua kuelekea jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na mwaka 1976 wakazifanya kuwa jambo la kwanza katika mpango wa kichungaji. Katika Tanzania walikuta watu wamekwisha kuzoea balozi wa nyumba kumi, utaratibu ambao TANU iliuanzisha katika miaka ya 1960. Mazoea hayo yalikuwa na faida na hasara. Watu walijua kukutana kwa nyumba. Lakini walijua pia kwamba anayewakutanisha ameleta agizo kutoka juu, au amekuja kuchangisha.

Jumuiya na jamii

Lugha yetu ina maneno mawili, jumuiya na jamii, na tofauti yake inatusaidia. Jumuiya ni sisi tuliokusanyika; jamii ni wote tunaoishi nao. Makanisa makubwa ya dunia mara nyingi yamejipatia jumuiya nyingi na kuisahau jamii. Si yote. Charles Spurgeon wa London, ambaye jengo lake la Metropolitan Tabernacle lilifunguliwa mwaka 1861 likiwa na nafasi ya watu wapatao elfu sita, alikuwa na chuo cha wachungaji, nyumba za wajane, na kuanzia mwaka 1867 nyumba ya yatima huko Stockwell. Ukubwa ulimpa uwezo, naye akautumia kwa walio nje. Na tuseme wazi kwa wale wanaousifu udogo: mambo mengine hayawezekani kwa kundi la kaya kumi na mbili. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, haikujengwa na jumuiya.

Lakini uwezo hauna macho. Katika Matendo 6, tatizo la kwanza lililoletwa na ongezeko la wanafunzi lilikuwa kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Chakula kilikuwepo na nia njema ilikuwepo. Waligawa waliojua njia za mji kwa upande wao tu. Mitume hawakuagiza kanisa lipunguzwe, wala hawakuomba radhi na kuendelea kama kwanza. Walichaguliwa watu saba, na tukiyaangalia majina yao, yote ni ya Kiyunani. Kanisa liliukabidhi mgawo wa chakula kwa watu wanaoelekea kuwa walitoka upande ule ule ulionung'unika. Ni funzo tunalolisoma kila mara tunapowabariki mashemasi, lakini hatujaona mara nyingi likitendwa: kamati ya diakonia ya usharika mkubwa kuongozwa na watu waliowahi kuishi kwa msaada.

Turudi kwa mama yule. Aliyemuuguza hakuwa msharika, na waliokuwa washarika hawakujua. Tulipozungumza baadaye na kiongozi wa jumuiya ile, mzee mwema na mwaminifu, alitueleza pasipo kujitetea: "Mchungaji, sisi tukikutana tunasoma neno, tunatoa sadaka, tunaandika waliohudhuria. Yeye hakuhudhuria, basi hakuwa kwenye daftari." Alitufungulia daftari lenyewe. Lilikuwa na safu za jina, ahadi, na fedha iliyopokelewa. Safu ya mgonjwa haikuwepo, na daftari hilo lilichapishwa na ofisi ya usharika. Jumuiya ilikuwa imefanya sawasawa na ilivyoagizwa. Tangu hapo tumekuwa tukiwaomba wanafunzi wanaokwenda mazoezini waombe kwanza kuona daftari la jumuiya kabla ya kuomba kuhubiri. Watajifunza mengi juu ya theolojia ya usharika kwa safu zilizopigwa mistari humo.

Linabaki swali moja ambalo hatuna jibu lake, nasi tunaliweka mbele ya wasomaji wa jarida hili. Kama mazungumzo na faraja ya ndugu ni njia ya Injili, na kama mchungaji wa washiriki elfu sita hawezi kufika kwa kila mgonjwa hata angetembea usiku na mchana, je, viongozi wa jumuiya, wanawake kwa wanaume, waruhusiwe kuchukua Chakula cha Bwana kutoka madhabahuni Jumapili na kuwapelekea waliolala majumbani? Ibara ya 14 ya Ungamo la Augsburg inataka anayehudumu awe ameitwa ipasavyo. Wengine watasema kwamba kumwita kiongozi wa jumuiya mbele ya usharika na kumpa kazi hiyo moja ni mwito halali. Wengine wataona kwamba tukifungua mlango huo, mchungaji atapata sababu ya kutokwenda kabisa. Hofu zote mbili tunazo. Tungefurahi kupokea maoni ya ndugu walioko katika sharika za mijini, hasa wale ambao wamekwisha kujaribu, pamoja na yale waliyokosea.